Hivi intaneti imetupa uhuru wa kusema kweli, au imetupa pa kusemea tu?

Binti_Igombe

Mwangaluka wakuu. Nina jambo limenikaa rohoni wiki ya pili sasa, na kwa vile sa hizi ni mbalamwezi mitumbwi ya dagaa haiingii ziwani nina muda, acha niliandike lote.

Mimi ni mama wa dagaa. Nanunua wabichi kwa ndoo alfajiri mitumbwi ikirudi, naanika, wakikauka najaza magunia nauza kwa kilo kwa wanunuzi wakubwa wanaopeleka mikoani na nje. Wanunuzi wanakuja na mizani yao. Sasa kuna mwalo mmoja huku kwetu, yaani pale mitumbwi inaposhusha samaki, siutaji, mizani ya pale ina shida na kila mama anayeanika anajua. Gunia nikilipima kwa jirani yangu mwenye duka la nafaka linasoma kilo 40, nikilifikisha kwa mnunuzi linasoma 36. Kwa mtu wa magunia kumi ni kilo 40, yaani gunia zima limekwenda bure, na huyo mama alikesha ufukweni na baridi ile akisubiri mtumbwi na mtoto mgongoni.

Nikaandika Facebook. Kwa jina langu na picha yangu. Sikumtaja mtu, nilisema tu jamani mizani ya mwalo fulani iangaliwe, nikaweka picha mbili za gunia lilelile kwenye mizani mbili tofauti. Hapo ni saa nane mchana. Saa kumi na moja jioni skrinishoti iko kwenye grupu la ukoo. Mjomba akapiga. Mjomba huyu ndiye alinipa mtaji wa kwanza nilipoachika, vichanja ninavyoanikia ni vyake, na hao wanunuzi ni watu wake anakaa nao meza moja. Wala hakunitukana, aliuliza tu "mwanangu, hiyo kitu umeandika wewe au umeandikiwa?" akakata. Mama akaanza kulia. Nikafuta kabla ya magharibi.

Kesho yake mnunuzi alipita kwenye vichanja vya wenzangu wote, changu akakiruka. Siku tatu magunia yangu yamekaa tu, mwisho nikampa mwenzangu aniuzie kwa jina lake na bei tukashushiwa.

Sasa nauliza kwa moyo mmoja. Kila siku tunaambiwa intaneti imetupa sauti, sio lazima uwe mwandishi wa habari, simu yako ndio gazeti lako. Mimi sauti yangu imeishi masaa matatu. Huo uhuru upo wapi, au upo kwa watu wa mijini wasio na wajomba?

Mabatini_Juu

Pole sana dada. Kosa lako ni moja tu, jina. Fungua akaunti nyingine isiyo na jina wala picha, mwaga kila kitu. Mimi nina akaunti kama hiyo mwaka wa nne huu nasema ninachotaka hakuna aliyewahi kunigongea mlango.

Sheria_Malimbe

Dada yangu pole. Nasoma sheria hapa Malimbe, bado sijamaliza, kwahiyo nichukulie kama ndugu tu anayekupa mawazo.

Naanza na kaka wa Mabatini. Akaunti isiyo na jina haifichi mtu kiasi hicho. Laini zetu zote tangu 2020 zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, bando unalotumia kuposti linapita kwenye laini hiyohiyo, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inawapa polisi nguvu ya kudai taarifa kwa kampuni inayozitunza. Hata VPN, zile programu za kuficha unakotokea mtandaoni, mwaka 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walitangaza wanaozitumia wajisajili. Umekaa miaka minne salama kwa sababu hakuna aliyekutafuta.

Kuhusu sheria yenyewe watu wengi wanaogopa bila kusoma. Ibara ya 18 ya Katiba ya 1977 inasema kila mtu ana uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake, na kutafuta, kupokea na kutoa habari bila kujali mipaka ya nchi. Halafu ukija kwenye hiyo sheria ya 2015 kifungu cha 16 kinaongelea taarifa za uongo, adhabu yake faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3 au vyote viwili. Hiyo adhabu ni nzito na mimi binafsi naona imewatisha watu wengi waliokuwa na maneno ya kweli kuliko iliowazuia waongo. Mtu wa kawaida akisikia milioni 5 hasubiri kusoma sentensi inayofuata. Lakini kifungu kinamlenga anayejua kabisa kwamba anachotoa ni cha uongo au cha kupotosha, na ana nia mbaya juu yake. Wewe ulikuwa na gunia moja na picha mbili.

Na hapo ndipo kisa chako kimenikalisha chini. Posti yako hajafuta TCRA, hajafuta polisi, wala mwenye mtandao. Imefutwa na mwenye vichanja. Darasani tunasoma kesi za mtu na serikali mwaka mzima, ila sijakutana na kifungu kinachomlinda mtu asikose mnunuzi kesho yake asubuhi.

Kitu kimoja cha kufanyia kazi. Mizani yoyote ya biashara inatakiwa ikaguliwe na Wakala wa Vipimo kila mwaka na ibandikwe stika ya mwaka huo. Siku ukipita pale angalia stika kwanza. Ofisi yao Mwanza ipo, unaweza kulalamika bila kuposti popote.

Ngosha_wa_Kisesa

Nimesoma mpaka mwisho nikarudia. Mi naongea kama mtu wa ngoma.

Nyie mnajua pale Bujora kila mwaka mwezi wa sita kuna Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, Wagika upande huu Wagalu upande ule wanashindana, watu wanatoka vijijini kote kuja kuangalia nani atavuta umati. Babu yangu alikuwa manju. Na manju kazi yake sio kucheza, ni maneno, anatunga wimbo anamsema mpinzani wake, anamsema tajiri mchoyo aliyenyima watu chakula wakati wa njaa, anamsema hata mtemi, na watu wanacheka na yule anayesemwa yupo palepale kwenye umati amevaa shuka lake anasikia kila neno na hawezi kufanya kitu kwa sababu ni ngoma na kwenye ngoma manju ana ruhusa. Babu alikuwa anasema usiku wa kabla ya mashindano halali, anapima neno hili nikilisema nitapigwa au nitashangiliwa, kwahiyo sio kwamba alisema ovyo, alijua mpaka uko wapi na aliusogelea mpaka vidole vinagusa.

Sasa mimi mjukuu wake niliposikia intaneti nikasema hii ndio ngoma ya dunia nzima, naweka nyimbo zake na za wenzake. Nikaanza 2021 kwenye mtandao mmoja mkubwa. Nikaweka video ya wacheza chatu, ile ngoma ya Wayeye ambayo ni ya tangu enzi na enzi, mzee kavaa chatu shingoni anaimba. Siku mbili ikaondolewa, eti maudhui hatarishi, na akaunti ikafungiwa mwezi mzima. Nikabonyeza pale pa kukata rufaa nikaandika kwa Kiswahili nikaelezea, jibu likaja ndani ya dakika moja kwamba wamepitia na uamuzi unabaki. Dakika moja! Video ina dakika tisa na imeimbwa Kisukuma tupu, nani huyo aliyeisikiliza?

Ikafunguliwa akaunti nikaweka kipande kifupi cha mabinti wanacheza, hakuna maneno, viuno tu na muziki, watu elfu themanini. Nikaweka wimbo wa babu unaomsema tajiri mchoyo, watu mia mbili na kumi. Hakuna aliyenikataza kuweka wimbo wa babu. Upo mpaka leo. Ila hauonyeshwi kwa mtu, na mimi nimeshaanza, hili ndio linaniuma, nimeshaanza kukata video kabla sijaiweka, natoa maneno nabakiza viuno, kwa sababu najua mashine inataka nini. Mtemi hakuwahi kumfanya babu hivyo. Mtemi alimkasirikia babu kwa alichokisema. Mimi nanyamaza mwenyewe na hakuna hata wa kumkasirikia.

Binti Igombe, wewe angalau unamjua aliyekunyamazisha na unaweza kwenda kwake na kuku ukaongea nae.

Kimya_Kingi

Mimi nawapinga nyote ila kwa heshima.

Nina kigugumizi tangu mtoto. Sio kile kidogo, kile cha kukunja uso na kupiga mguu chini mpaka neno litoke. Nimekulia Nansio. Shuleni mwalimu akiuliza swali najua jibu nanyoosha mkono halafu naushusha kwa sababu darasa zima litageuka. Kwenye mikutano ya kijiji sijawahi kusimama. Msiba wa baba yangu mzazi wasifu ulisomwa na mtu mwingine, na mimi ndiye mtoto wa kwanza.

Nilipopata simu ya kwanza ya intaneti ndio nilianza kuongea, na hapo naongelea kuongea hasa, kubisha na mtu mpaka mwisho, kuelezea kitu kirefu bila mtu kunimalizia sentensi. Watu wa Mbeya na Tanga ambao sijawahi kuonana nao wanasema nina maneno mazuri. Wanaonifahamu hapa kisiwani wanasema mimi ni mpole, sina maneno. Wote wanaongelea mtu mmoja. Mke wangu nilimpata kwa kuandika, miezi minane tunachati ndio tukaonana, nikamwandikia kabla kwamba ukinisikia utashtuka, akajibu "nimeshakusikia".

Kwahiyo mtu akiniambia intaneti haina uhuru, namwambia wewe ulikuwa na mdomo tangu zamani ndio maana unaona pungufu.

Lakini sitadanganya. Oktoba 29 mwaka jana, 2025, siku ya uchaguzi intaneti ilipozimwa nchi nzima, wenzangu walikuwa wanalalamika hawapati habari na wengine biashara zimesimama, yote ni kweli na kuna waliopata makubwa kuliko hayo. Mimi nilirudi kuwa bubu. Siku kama tano. Kwenda dukani naonyesha kwa kidole. Hapo ndio nilielewa kwamba mdomo wangu una swichi na swichi haipo mkononi kwangu. X yenyewe, ile Twitter ya zamani, ilikuwa imeshafungwa tangu Mei mwaka huohuo. Na ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa Uganda wao kuanzia Julai 2018 walikuwa wanalipa shilingi 200 za kwao kila siku ndio wafungue WhatsApp na Facebook, shemeji yangu wa Entebbe alikuwa anachagua siku za kutusalimia.

Bado nasema upo uhuru. Ila mimi ni kama mtu aliyekopeshwa mtumbwi.

Mama_Buhongwa

Kaka Kimya umenitoa machozi, salamu kwa wifi.

Naomba niseme upande mwingine maana naona tunaongelea serikali na mashine na wajomba, hakuna aliyegusa komenti. Mwaka juzi niliandika kwamba binti yangu sitakubali atolewe mahari ya ng'ombe thelathini kama nilivyotolewa mimi, kwa sababu nilikaa kwenye ndoa ya kipigo miaka sita na kila nikikimbilia nyumbani wazee wananirudisha, ng'ombe walishagawanywa, wengine walishachinjwa, watarudishwa na nini. Nilikuwa naongelea maisha yangu mwenyewe, sikumshauri mtu.

Komenti mia nne ndani ya usiku mmoja. Waliojibu hoja sidhani kama walifika ishirini. Waliobaki waliongelea matiti yangu, umri wangu, meno yangu, kwamba nimeachika kwa sababu ya tabia, na mmoja alichukua picha ya binti yangu akiwa na sare ya shule akaiweka na maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Nilikwenda kuripoti kwenye huo mtandao, wakajibu haijakiuka kanuni zao. Mtu akiniambia kwamba na wale nao walikuwa wanatumia uhuru wao wa kujieleza, ntamuuliza mbona uhuru wao ulimaliza wa kwangu. Sijaposti kitu hadharani tangu siku ile.

Tulichofanya, tupo wanawake kama sitini hivi, Buhongwa, Mkolani, Nyegezi na wengine Sengerema, tuna grupu letu limefungwa, kuingia lazima watu wawili wakujue kwa sura. Mule ndani tunaongea kila kitu, mimba, madeni, wakwe, nani anapigwa na nani ana chumba cha kumficha. Wawili tulishawatoa kwenye nyumba zao kupitia hilo grupu. Nje hakuna anayejua hata jina la grupu. Nikilinganisha na kipindi nina wafuasi elfu tatu naposti kila siku, naona naongea zaidi sasa.

Sheria Malimbe nina swali, ile picha ya mtoto naweza bado kushtaki? Ni mwaka juzi.

Sheria_Malimbe

Mama pole sana kwa hilo. Nenda dawati la jinsia na watoto polisi ukiwa na skrinishoti, linki ya posti na tarehe, usingoje. Sheria hiyohiyo ya 2015 ina kifungu cha unyanyasaji mtandaoni, na tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ambayo ina Tume yake ya kupokea malalamiko. Picha ya mtoto wanaichukulia kwa uzito. Nikutumie inbox namna ya kuandika maelezo?

Mama_Buhongwa

Nitumie mwanangu, Mungu akubariki.

Mabatini_Juu

Nimekaa nimewaza. Mnisamehe nilijibu haraka mwanzo. Ila bado sijaelewa kitu kimoja, Binti Igombe, kwa nini ulitaka lazima iwe na jina lako? Ungeweka picha zilezile bila jina si ujumbe ungekuwa uleule?

Binti_Igombe

Kaka Mabatini umeuliza vizuri na ndio swali nililokuwa najiuliza usiku.

Dagaa wangu wananunuliwa kwa jina langu. Mtu akifika mwaloni anauliza dagaa wa fulani wapo, kwa sababu anajua sichanganyi mchanga. Sasa nikisema mizani inaiba na sina jina, mimi ni nani? Itakuwa ni maneno tu ya mtandaoni, mnunuzi atasema ni mshindani wake ameandika na watu watamuamini. Lile gunia lenye kilo 40 kwa jirani na 36 kwake ni la kwangu mimi, nimelishona mimi, jirani anaweza kuulizwa. Nikitoa jina nimetoa na gunia. Ndio maana nilipofuta niliumia kuliko vile magunia yalivyokaa, nilijiona nimekuwa muongo wakati sikudanganya.

Na kuna kitu sikuwaambia mwanzo. Katika yale masaa matatu, watu walioweka komenti hadharani walikuwa wanne, wote hawaishi Mwanza. Lakini inbox waliniandikia wanawake kumi na saba wa huku huku, wa mialo tofauti, Igombe, Kayenze, wengine visiwani, kila mmoja anasema na mimi hivyohivyo, na kila mmoja anamalizia kwa "ila usinitaje". Wote tunalia kilio kimoja, hakuna anayejua kama mwenzie nae analia. Facebook niliyokuwa naiona ni ile ya nje yenye komenti nne, kumbe yenyewe hasa ilikuwa kwenye inbox.

Ngosha, ulichosema cha kuku nimekifanyia kazi. Jumapili nilikwenda kwa mjomba. Sikupeleka kuku nilipeleka sato wawili. Nikamwonyesha zile inbox kumi na saba nimeficha majina. Alisoma taratibu na miwani yake, nadhani hakutegemea. Aliniuliza swali moja tu, "huyu wa Kayenze anasema gunia lake lilipungua sita?" Nikasema ndio mjomba. Akanyamaza akala samaki. Hakunipa ruhusa na hakunikataza.

Jumatatu nikaenda Wakala wa Vipimo kama mdogo wangu wa Malimbe alivyoelekeza, nikaandikisha malalamiko kwa jina langu, walinisikiliza, wakasema watapita. Hawajasema lini. Halafu Mama Buhongwa nimeiba wazo lako, nimewaandikia wale kumi na saba mmoja mmoja nikiwauliza kama wako tayari wajuane. Mpaka sasa kumi na moja wamekubali, tumefungua grupu jana usiku na tumekubaliana gunia lolote kabla halijaenda kwa mnunuzi linapimwa kwanza nyumbani na kupigwa picha na tarehe.

Na leo asubuhi ile posti nimeirudisha. Maneno yaleyale, picha zilezile, jina langu. Nimeongeza sentensi moja tu kwamba malalamiko yameshafikishwa panapohusika. Sasa ni saa tisa mchana. Kuna komenti saba, mbili ni za Igombe. Mjomba ameiona maana naona jina lake pale chini, hajaandika kitu na hajapiga simu.

Giza la mwezi linaanza wiki ijayo, mitumbwi itaingia ziwani. Nitarudi kuwaambia kama mnunuzi amesimama kwenye kichanja changu.